Nyumba Mbili Ndani ya Faili Moja

Baba yangu hakubali kuandika mtoto wa mwisho bila kuweka mkato baada ya jina lake. Nilimweleza kwa upole, kisha nikamweleza bila upole, kwamba katika faili ya JSON, ile namna ya kupanga habari kwenye kompyuta, mkato unatenganisha kitu na kinachokifuata, na kama hakuna kinachofuata, basi mkato hauna kazi. Akanitazama juu ya miwani, kwa yale macho yaliyowafundisha kusoma nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Butembo, mashariki mwa Kongo.

"Nani alikuambia huyu njo wa mwisho?" aliniuliza.

Hakuwa akitania. Nyumbani kwetu mtu mwenye adabu hasemi kwamba mama fulani amemaliza kuzaa. Hiyo si kazi yake, na akisema, watu watamuuliza amejuaje. Kwa hiyo kila nyumba ya ukoo wetu baba aliiacha na mkato mwishoni, kama mlango usiofungwa, na kila mara Python, lugha ya kompyuta ninayoitumia, ilikataa kuisoma. Mimi nilikuwa naifuta ile mikato akienda misa, na akirudi anairudisha, hata kwa bibi mmoja ambaye alikuwa na wajukuu walioolewa.

Lazima nieleze tulifikaje hapo. Mimi ninafanya kazi kwa mfanyabiashara anayeingiza vipuri vya pikipiki. Wauzaji wa ng'ambo wanamtumia mafaili ya JSON, na mimi ninaandika programu ndogo za Python za kuyafungua na kujua ndani kuna minyororo, pistoni au taa. Siku moja baba, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu na hajui kukaa bure, alinikuta kazini akasimama nyuma ya kiti changu. Aliona yale mabano yaliyopinda, alama zinazoitwa akoladi, moja inafunguka ndani ya nyingine, na nyingine tena ndani yake. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni namna ya kuandika vitu ambavyo ndani yake mna vitu vingine, navyo vina vingine ndani.

"Donc ni famille," akasema, yaani, basi ni ukoo.

Nimesoma maelezo mengi ya JSON kwa Kifaransa, na bado sijapata yaliyo bora kuliko hayo. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kuamua: ataandika watoto wote wa babu, na wajukuu, na vitukuu, mimi nitamfungulia na Python, na siku ya misa ya ukumbusho wa babu kule kijijini kwake Luofu tutasoma majina yote mbele ya watu. Nilidhani ni mchezo wa mstaafu. Haukuwa mchezo. Alikuwa anamfikiria dada yake.

Babu alikuwa na wake wawili. Alipotaka kubatizwa, katekista alimwambia abaki na mmoja, naye akabaki na mdogo, ambaye ndiye bibi yangu. Mke mkubwa alirudi kwa kaka zake upande wa Beni, na baadaye watoto wake wakamfuata. Babu alipokufa, aliyesoma majina ya watoto kwenye mazishi alisoma wale wa mke wa kanisa tu. Shangazi yangu, binti wa kwanza wa mke mkubwa na mtoto wa kwanza kabisa wa babu, alikuwa amesimama pale katikati ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga Luofu.

Kwetu Butembo alikuwa anakuja. Anashuka kwenye gari na bidoni ya mafuta ya mawese na mkungu wa ndizi, anatucheka tunavyovaa sweta mchana kwa baridi ya milima yetu, anamwita baba "kale katoto" mbele ya majirani. Nilimpenda, nampenda bado, na nilimwogopa kidogo, kwa sababu ni mtu ambaye akikasirika sauti yake inapungua. Baba alimpigia simu akamwambia kwamba safari hii jina lake litasomwa la kwanza. Shangazi akasema atakuja. Akanunua na kikwembe, kitenge kipya cha siku hiyo, akatutumia picha yake.

Hivyo baba akaanza kuandika, na mimi nikaanza kuteseka. Aliandika katika programu ileile aliyozoea kuandikia barua, na kwa kuwa ilikuwa imepangwa kwa Kifaransa, kila alama ya nukuu ilibadilika ikawa zile mbili zenye ncha zinazoitwa guillemets. Python haitaki hata kuzisikia. Ilitema kosa, ikataja mstari na nafasi ya herufi katika mstari. Nilifikiri baba atakata tamaa. Badala yake alivuta kiti karibu, akahesabu kwa kidole mpaka akafika mahali penyewe.

"Hii machine ni mwalimu," akasema kwa furaha. "Inaonyesha mustari."

Tangu hapo aliiheshimu Python kuliko alivyoniheshimu mimi. Mimi nikimwambia umekosea, tunabishana. Ikisema Python, anaomba radhi. Kwa watu ambao hatukujua mwaka wao wa kuzaliwa nilimwambia aandike null. Akauliza kama maana yake ni sifuri. Hapana, nikasema, sifuri ni hesabu, na hii maana yake ni kwamba hatujui, na Python ikiisoma inaweka neno lake yenyewe la kusema hakuna kitu hapa. Hilo nalo lilimpendeza. Alisema amewajua wakaguzi wengi wa shule ambao hawakuwahi kukiri kutojua. Mkato tu ndio alioushikilia mpaka mwisho, na nikaamua kuandika mistari michache ya kuuondoa kabla Python haijauona. Mzazi hashindwi, anazungukwa.

Sasa nieleze majina, maana bila hayo hutaelewa kilichotupata. Sisi Wanande mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa kwa mama yake. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na wavulana vivyo hivyo. Sitayataja hapa, atokaye kwetu anayajua. Simama kwenye soko la Butembo uite jina la binti wa kwanza, uone ni wamama wangapi watakaogeuka na nyanya mkononi. Kwa hiyo baba alipofungua akoladi ya babu na kuandika watoto wake, aliwaandika kwa majina hayo ya ukoo, kila jina likifuatwa na akoladi yake, na ndani ya hiyo jina la ubatizo, kijiji, bwana au mke, na watoto. Alianza na watoto watatu wa mke mkubwa, shangazi akiwa juu kabisa. Kisha akafuatisha wa mke mdogo, ambao walikuwa wengi zaidi, naye mwenyewe akajiweka kwa nafasi yake. Alipanga hivyo kwa heshima. Mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Jumapili moja baada ya misa, faili ikakubali. Hakuna kosa, hakuna mstari. Ukoo ukatokea kwenye skrini, ngazi kwa ngazi, na baba akapiga makofi peke yake. Nilitaka kuupitia jina kwa jina. Kabla sijaweka kikombe cha chai chini, alikuwa amekwisha kupiga picha ya skrini kwa simu yake na kuituma Beni.

Shangazi hakujibu kwenye simu ya baba. Kesho yake mchana alinipigia mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema amewasha taa, amevaa miwani, amesoma vizuri. Jina lake lilikuwa juu kama alivyoahidiwa. Lakini chini ya jina hilo bwana hakuwa bwana wake, na watoto hawakuwa watoto wake. Ni bwana na watoto wa dada yake wa Butembo, binti wa kwanza wa bibi yangu. Alitafuta ndugu zake wawili wa tumbo moja, nao vivyo hivyo: majina yao yapo, na maisha ya watu wengine ndani yake.

"Ambia papa yako nimeona," akasema. "Kule Luofu, mi hapana tena."

Nilipomwambia baba, alivua miwani akaiweka juu ya meza, akakaa akiitazama. Ninakiri nilimkasirikia. Nilidhani amesahau kuwaandika, au amenakili vibaya, na nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Akasema tu kwamba aliwaandika mbele. Akarudia, aliwaandika mbele. Nikafungua faili yenyewe, siyo kile Python ilichotoa, bali maandishi yake, na kweli wote walikuwepo. Shangazi wa kwanza, na bwana wake marehemu, na watoto wake mmoja mmoja, na mkato wa baba baada ya kitinda mimba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Python ikifungua akoladi za JSON, inamimina vilivyomo kwenye kitu inachokiita kamusi. Na kamusi ina sheria moja: jina moja, nafasi moja. Akija wa pili mwenye jina lilelile, anapewa kitanda cha wa kwanza, na wa kwanza anatolewa nje. Jina kwenye mlango halibadiliki, kwa hiyo ukipita huoni kitu. Katika nchi nyingine labda ndugu wawili hawawezi kuitwa jina moja, na sheria hiyo haimuumizi mtu. Kwetu, mzee mwenye wake wawili ana binti wa kwanza wawili, wa pili wawili, na mvulana wa kwanza wawili, na kila mmoja ana haki ya jina lake. Wa mwisho kuandikwa ndiye anayebaki. Baba aliwaweka watoto wa mke mkubwa mbele kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyowatoa.

Nilimweleza. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, kichwa kimeinama.

"Wa kwanza anafukuzwa, wa mwisho anabaki," akasema. "Donc na hii machine ilibatizwaka."

Tulicheka wote wawili, kicheko kibaya, na mama akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Lakini mimi nilikuwa na hasira bado. Kwa mkato mmoja Python ilikuwa inapiga kelele na kutaja mstari. Kwa watu watatu na vizazi vyao ilinyamaza kabisa. Nilijua dawa ipo, na niliipata katika maelezo ya lugha yenyewe: unaweza kuiomba Python, kabla haijafunga kamusi yake, ikupe kwanza majina na vilivyomo vikiwa viwili viwili, kwa mpangilio ulioandikwa, bila kumtoa mtu. Nikaandika hiyo kazi ndogo. Wote wakatokea. Ili wasigongane tena, nikagawa ukoo sehemu mbili, nyumba namba moja na nyumba namba mbili, kila moja na akoladi yake.

Nilitaka kutuma picha mpya palepale. Baba akanikataza. Alisema picha ndiyo iliyoharibu, haiwezi kutengeneza, na twende.

Tulipanda gari asubuhi, kompyuta ikiwa mapajani mwangu ndani ya kitambaa. Kadiri tulivyoteremka kuelekea Beni joto lilipanda, baba akavua koti, kisha sweta, na alipobaki na shati nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokonda. Nilimshika mkono, naye akaniacha niushike.

Shangazi alikuwa uani mwake akigeuza kakao iliyoanikwa kwenye bashi, turubai la plastiki, na harufu yake kali kama ya siki ilitupokea kabla yake. Alitusalimu, akatuletea viti, akarudi kwenye kazi yake akatupa mgongo. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda na kuanza kueleza. Nilieleza vibaya. Niliingiza kamusi, nikaingiza vitanda, nikasema akoladi mara nyingi kuliko inavyofaa mbele ya mtu mzima aliyekasirika. Mwishowe nikanyamaza, nikafungua yale maandishi ya kwanza ya baba, bila Python, nikamwomba tu aje asome.

Alikuja na reki mkononi. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Jina lake, jina lake la ubatizo, bwana wake, watoto wake.

"Kumbe aliniandika toka mwanzo," akasema.

Tangu mwanzo, nikamwambia. Maandishi yalikuwa na wote. Ni usomaji ndio uliowatoa. Akamgeukia baba, naye baba, mzee mzima mwenye wajukuu, akajitetea kama mtoto aliyevunja chungu, akisema alimweka mbele na ndiyo sababu akapotea. Shangazi alimtazama. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza, na akacheka, akisema kwamba huyu katoto hata kumpa mtu heshima hajui, anampa mpaka anamzika. Nikaona jambo limekwisha. Nikamwonyesha na kazi yangu mpya, kwa majivuno, zile nyumba mbili, watoto wote mahali pao.

Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hizi namba ni ya nini?" akauliza. Nikamwambia ni nyumba ya kwanza na nyumba ya pili. "Nyumba inaitwaka namba? Mama yangu iko wapi humu ndani?"

Nikapandisha skrini, nikashusha. Hakuwemo. Wala bibi yangu hakuwemo. Palikuwa na babu, akoladi, na watoto, kana kwamba mzee aliwatoa mfukoni. Baba aliandika faili nzima, mimi nikaifungua na kuifunga sijui mara ngapi, na hakuna kati yetu aliyeona kwamba majina yale yote, ya kwanza na ya pili na ya tatu, yanahesabiwa kwa mama, na mama mwenyewe hatukumwandika. Nilitaka ardhi ya Beni inimeze.

Baba alichukua kompyuta akaiweka mapajani mwake, akafuta ile namba moja, na vidole vyake vikabaki hewani juu ya herufi. Vikabaki. Nilidhani hajui aandike nafasi gani, nikainama nimsaidie, ndipo nikaona uso wake. Nyumbani kwetu yule mama hakutajwa kwa jina. Aliitwa "ule wa Beni", basi. Baba alizaliwa baada ya yeye kuondoka, akakua, akafundisha, akazeeka, na hakujua.

"Yaya," akamwambia dada yake, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo kabla, "mama yako alikuwaka anaitwa nani?"

Shangazi aliegemea reki yake. Pikipiki ilipita barabarani, kisha nyingine.

"Myaka yote hii, njo leo unauliza," akasema, lakini sauti yake haikupungua. Akamwambia jina la ukoo, na jina jingine ambalo mama yake aliitwa na kaka zake, na baba akaandika kwa vidole viwili, akimwomba arudie herufi asikosee. Alipomaliza akafuta namba mbili, akaandika jina la mama yake mwenyewe upesiupesi, kama mtu anayemaliza ya kwake asicheleweshe wageni.

Shangazi akaweka reki chini. Akaja nyuma yake, akaweka mkono juu ya bega lake.

"Ya mama yako, andika muzuri," akasema. "Wakati mama yangu alienda, mi nilibakia pale Luofu. Ni mama yako njo alikuwaka ananilisha. Yeye njo alinipeleka kwa mama na miguu yake, na bale bamama babili bakalala nyumba moja, bakaongea mpaka asubui. Bao hawakukuwa na maneno. Maneno ni ya siye batoto."

Baba hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika chini ya mkono wa dada yake, na mimi nikatazama kakao, kwa sababu kuna mambo ambayo mtoto hatazami.

"Kule Luofu," shangazi akasema, "wewe utasoma nyumba ya mama yangu. Mi nitasoma ya mama yako."

Na ndivyo walivyosoma.